Daftari la Kengele

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mende,
lakini jina limebaki, kwa wino wa ofisi ya reli:
Kengele, Makongeni, mwaka hamsini na moja.
Mwandishi, Zefania Ombima, fundi wa boila,
mwenye mkono mzuri kuliko mguu.

Waliitwa Kengele kwa kuwa refa hakuwa na filimbi.
Aligonga kipande cha reli kwa nati,
na mara mbili karakana nzima ikaacha kazi
ikidhani saa ya kutoka imefika.
Faini: shilingi tatu. Imeandikwa.
Haikuandikwa nani alicheka.

Aprili, hamsini na nne.
Ukurasa huu huwa nausoma nimesimama.
"Tumecheza watu saba."
Chini yake Gachanja, Ndirangu, Waciuri, na Theuri kipa wetu,
kila jina na kistari mbele yake,
si kistari cha kufuta,
kistari cha kumshikia mtu nafasi kwenye foleni.
Theuri alirudi mwaka wa sitini,
vidole viwili vimekataa kukunjuka.
Akadaka hivyo hivyo.
"Wa juu nitautazama," alisema, "wa chini niachieni."
Wale watatu, vistari vyao vingali wazi.

Bendera ilipobadilika, na jezi zikabadilika.
Felista Kavosa alizichemsha kwa rangi ya buluu
katika sufuria ya harusi yake,
na mvua ya mechi ya kwanza ikaiteremsha rangi yote:
vijana wakamaliza na fulana nyeupe na mapaja ya buluu,
na mumewe akala ugali wa samawati hadi Krismasi.

Jina nalo halikutulia.
Kiwanda cha sabuni kikawapa viatu, wakaitwa Povu.
Kiwanda kikafungwa; jina wakalirudisha, viatu wakabaki navyo.
Ikaja amri: majina yenye harufu ya kabila yafutwe.
Afisa akafika na kalamu nyekundu,
akauliza, Kengele ni kabila gani?
Ombima akasema: la wenye masikio.

Juu tulipanda msimu mmoja tu.
Mechi ishirini na mbili, sare moja.
Hiyo sare ninaijua kama wengine wanavyojua ubatizo wao,
sikuwepo, lakini nimesimuliwa hadi nikalowa:
matope ya kufika ugokoni, dakika ya themanini na nane,
na Okumu, aliyeitwa Stima kwa kuwa hukatika ghafla,
siku hiyo hakukatika.
Walirudi Makongeni kwa miguu wakitangaza ushindi.
Sare, mzee. Daftari lako mwenyewe linasema sare.
"Waache," alisema. "Mwenye njaa hana miiko."

Uwanja haukuibwa siku moja. Ulimegwa.
Ilianza kona ya mashariki,
tukawa tunapiga kona kutoka mlangoni kwa mshona magodoro,
naye akitudai kiingilio.
Kisha ukaja ukuta, na mlinzi asiyejua amelinda nini.
Goli la kusini sasa ni nguzo ya kituo cha mafuta.
Nikipita hukwaruza kwa ukucha:
chini ya njano, nyeupe yetu bado ipo.

Ombima alinipa daftari hili wodini,
limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Nilingoja wosia. Aliomba chai.
Baadaye akasema, amegeukia ukuta,
"Usiandike uongo. Hata tukishinda."

Basi naandika.
Jumapili. Manyunyu.
Kengele moja, wageni nne.
Bao letu, Barasa mdogo, kwa goti, hakukusudia.
Mpira uliangukia mtoni, ukapatikana.
Wachezaji: kumi.
Wa kumi na moja yuko kazini, ametuma salamu.
Nimemwekea kistari.